Akina mama wanapimwa, doa linaonekana, matibabu wanaahirisha: tuzungumzie zile wiki nne

Muuguzi Mkunga (mleta mada)

Wakuu, kamwene. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya huku upande wa Njombe, na kabla ya hapo nilifanya kazi Mbeya. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi. Nimeleta uzi huu kwa sababu ya jambo moja ambalo redioni halisemwi, kwenye mabango halipo, na mikutano ya kijiji hairuhusu kulitamka mbele ya wazee. Humu ndani tunaweza kulitamka.

Kila mwaka tunatangaza, "akina mama jitokezeni mkapime." Wanajitokeza. Siku ya kampeni benchi halitoshi. Anakuja mchuma chai, anakuja wa shamba la parachichi, anakuja muuza viazi aliyeacha gunia lake kwa jirani. Anapimwa, tunaona doa. Namwambia, mama, hii bado si saratani, ni mabadiliko ya awali, tunayatibu leo hii hapa hapa na unaondoka kwa miguu yako. Anashukuru Mungu. Halafu nafikia sharti la mwisho: baada ya matibabu, wiki nne usikutane na mume wako.

Hapo uso unabadilika. "Sista, ngoja kwanza nikamwulize baba watoto." Anajifunga kitenge chake, anaondoka. Wapo wanaorudi wiki ile ile. Wapo tunaowapigia simu, haipokelewi, au anaipokea mtu mwingine na sisi hatuwezi kumweleza huyo mtu mwingine siri ya mgonjwa. Na wapo ninaokutana nao miaka ikiwa imepita, wakija na damu isiyokatika na harufu inayowafanya wakae peke yao mwisho wa benchi. Hao kituo chetu hakiwezi kuwasaidia tena.

Nieleze kipimo chenyewe, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutojua kinachofanyika nyuma ya lile pazia.

Mama analala kitandani kama anavyolala kliniki ya wajawazito. Tunatumia spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia ili mlango wa kizazi uonekane. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu chuma kinakuwa cha baridi kweli, kwa hiyo tunakitia kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Mtu akikazwa na baridi misuli inakaza, na misuli ikikaza ndipo panauma. Baada ya hapo tunachovya pamba kwenye siki iliyopimwa nguvu yake, kati ya asilimia 3 na 5, tunaipaka kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja kamili. Dakika hiyo ndiyo kipimo. Sehemu yenye afya inabaki na rangi yake ya waridi. Sehemu ambayo chembechembe zake zimeanza kubadilika inageuka nyeupe, na kingo zake zinaonekana wazi kabisa. Jibu unalipata hapo hapo, bila kusubiri sampuli isafirishwe mkoani.

Doa likiwa dogo, halijaingia ndani ya tundu la kizazi na halina dalili ya saratani yenyewe, tunalitibu siku hiyo hiyo. Kuna njia mbili. Moja ni tiba mgando: gesi inagandisha sehemu ile kwa dakika tatu, tunaiacha iyeyuke kwa dakika tano, tunagandisha tena dakika tatu. Nyingine ni ya joto, kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi, na huchukua chini ya dakika moja kila kinapogusishwa. Hakuna kisu wala kushonwa, na mama halazwi. Maumivu yake wengi wanayafananisha na ya hedhi. Doa likiwa kubwa, anapewa rufaa akakatwe sehemu ile kwa kitanzi cha umeme.

Kinachobaki pale ndani ni kidonda. Kwa wiki kadhaa kitatoa majimaji mengi, mama atahitaji kuvaa pedi au kitambaa safi, na huo ni uponaji wa kawaida. Lakini kidonda ni kidonda. Akikutana na mume kabla hakijapona anaweza kutokwa damu, anaweza kupata maambukizi, na virusi vya UKIMWI vinapata mlango, iwe vya kumwingia yeye au vya kutoka kwake kwenda kwa mwenzake. Ndiyo maana ya wiki nne. Hatukuzitunga ili kuwatesa watu.

Sasa tuweke upande wa pili. Doa lisilotibiwa, baadhi yake hugeuka saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri safari hiyo huchukua kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10. Ikishakomaa na kusambaa, tunazungumzia mionzi, na wengi wa huku kwetu mionzi maana yake ni Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya nje kwa kawaida ni siku tano za wiki, kwa muda wa kama wiki tano, halafu inafuata ya ndani. Mgonjwa anashuka mlima Kitonga na msaidizi mmoja, anatafuta pa kufikia kwa ndugu ambaye naye amepanga chumba kimoja, shamba linalala, watoto wanabaki kwa bibi. Mume aliyeshindwa wiki nne nyumbani kwake anajikuta analala peke yake miezi, na mara nyingine maisha yaliyobaki.

Kwa makadirio ya wataalamu wa saratani wa kimataifa, Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na wanaokufa ni zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayotuulia akina mama wengi hivyo.

Na kwetu sisi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii karibu mara sita ya asiye navyo. Ukiweka hizo namba mbili pamoja utaona kwa nini mimi siwezi kukaa kimya mgonjwa anapofunga kitenge na kuondoka.

Naomba wanaume waliomo humu wachangie. Mke akirudi nyumbani na hilo sharti, nini kinapita kichwani?

---

Dereva wa Tanzam

Sista, asante kwa uzi. Mimi naendesha lori, Dar hadi Tunduma na kuvuka. Nitajibu swali lako kwa upande wetu.

Kinachopita kichwani ni hiki: mtu umetoka barabarani, unafika nyumbani Uyole usiku mbili tu halafu unaondoka tena, mama anakwambia nimeambiwa hospitali tusikutane mwezi mzima. Hana karatasi, hana maelezo, ameshika maneno mawili tu, "doa" na "kizazi". Wenzangu wengi wakisikia hivyo wanajua moja kwa moja ni ugonjwa wa zinaa, na kwamba kuna mtu ameuleta wakati wewe uko safarini. Ndoa inaanza kutikisika hapo, kabla hata hujauliza ni doa la nini.

Kwangu haikuwa hivyo kwa sababu moja. Nesi wa pale alimwomba mke wangu ruhusa, akanipigia mbele yake, simu ikiwa kwenye spika. Akaniuliza kama niko mahali ninapoweza kusikiliza. Nilikuwa nimepaki Makambako. Akanieleza kidonda kilipo, kinavyopona, akanitajia tarehe ya kumaliza. Akaniambia nikiwa na swali nipige namba ile ile. Mazungumzo hayakufika hata robo saa. Nikamwambia mke wangu atibiwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo naomba mtupigie. Msimwachie mama peke yake kazi ya kuja kueleza kitu ambacho yeye mwenyewe amekisikia mara moja akiwa amelala kitandani na hofu yake.

Halafu swali la kiume, na naomba lisichukuliwe vibaya. Mtu akishindwa kabisa, kondomu inaruhusiwa?

---

Muuguzi Mkunga

Kaka, ndaga fijo. Swali lako ni la maana na hakuna ubaya ndani yake.

Ushauri ni kuacha kabisa kwa wiki nne. Ikishindikana, kondomu, kila mara, bila kuruka hata siku moja. Hilo nawaambia akina mama wote kabla hawajavaa, na nawapa kondomu waondoke nazo. Afadhali aondoke ametibiwa na kondomu mkononi kuliko aondoke na doa.

Na hilo la zinaa nilitolee maelezo, kwa sababu linavunja nyumba za watu bure. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV. Ndiyo, kinapita kwenye kujamiiana. Lakini ni kirusi cha kawaida kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, na wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kwa wachache hubaki. Doa ninaloliona leo linaweza kuwa limetokana na maambukizi ya miaka mingi nyuma, kabla hamjafahamiana. Mwanamke aliyeolewa na mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuwa nacho. Mwanaume anaweza kuwa alikibeba ujanani, hakumuuma, hakumwonyesha dalili yoyote. Doa halimshtaki mtu. Mume asilitumie kumshtaki mkewe, wala mke asilitumie kumshtaki mumewe.

---

Mzee wa Kilolo

Wanangu, nimesoma yote. Nina neno.

Sisi tulipooa, mama akijifungua alikaa arobaini yake. Alikuja bibi, alilala naye chumba kimoja, wewe baba ulihamia kwa wavulana. Hapakuwa na mwanaume aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika kwamba ananyimwa haki yake. Ilijulikana kwamba mwanamke ana kidonda, na kidonda kinaheshimiwa. Na kwa wazee wetu wa zamani zaidi ilikuwa mpaka mtoto atambae.

Sasa huyu sista anasema siku ishirini na nane. Ni pungufu ya arobaini. Shida ni kwamba kidonda cha kujifungua kila mtu anamwona mtoto, anajua kimetoka wapi. Hiki hakionekani, kwa hiyo mwanamke anabaki kuonekana mkaidi. Nawashauri manesi mliseme hivyo hivyo vijijini: mama huyu yuko kwenye arobaini fupi. Mama mkwe ataelewa, na akishaelewa mama mkwe, kijana wake hatakuwa na la kusema.

---

Muuguzi Mkunga

Shikamoo baba. Hilo nalichukua na kesho asubuhi naanza kulitumia. Arobaini fupi. Tumekuwa tukisema "msishiriki tendo la ndoa" kama tunasoma karatasi ya wizara, kumbe neno la kumfungulia mama mdomo mbele ya mama mkwe lilikuwa nyumbani kwetu siku zote.

---

Binti Mbarali

Mleta mada usiwatupie wanaume mzigo wote. Mimi nilipimwa kwenye kituo kimoja huku kwetu, nikaambiwa nina doa, nikasema sawa nitibuni, mume anajua na amekubali. Nikajibiwa gesi imeisha, rudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata gesi ipo, anayejua kutibu yuko semina. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya kibarua ya siku nzima kwenye mpunga. Mara ya tatu nikakaa nyumbani. Nilitibiwa baadaye sana, kwa sababu dada yangu wa Mbeya mjini alinibeba mwenyewe akanipeleka.

Nikiambiwa akina mama hatujitokezi huwa naumia.

---

Muuguzi Mkunga

Dada pole sana, na una haki ya kuumia. Ulichosema ni kweli na ni cha kwetu sisi watoa huduma na wanaotupangia bajeti, wala si cha mgonjwa. Nguvu yote ya utaratibu huu iko kwenye kupima na kutibu siku moja. Ukimrudisha mama nyumbani umeshampoteza nusu.

Tiba mgando inategemea mtungi, na mtungi unajazwa mbali, ni mzito, na gari la kuufuata lina safari nyingine. Ndiyo maana vituo vingi vinahamia kwenye kifaa cha joto, ambacho kipo cha betri, unakibeba kwenye begi hadi zahanati ya Makete ndani kabisa. Wakuu mlio kwenye kamati za vituo vya afya, ukikaa kikao uliza maswali mawili: hapa kwetu tunapima tu au tunapima na kutibu? Na waliofundishwa kutibu ni wangapi? Akiwa mmoja, siku akienda likizo huduma imefungwa.

Na wewe uliyepimwa ukakutwa na doa, kabla hujaondoka hakikisha umeandikiwa kwenye karatasi ulichokutwa nacho, uende nayo kituo kingine chochote. Usikubali kuondoka mikono mitupu.

---

Mama Makambako

Mimi naishi na VVU, niko CTC, kliniki ya dawa za VVU, miaka mingi, natumia dawa vizuri na wingi wa virusi hauonekani. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaosoma kimyakimya.

Nilipoambiwa nipime mlango wa kizazi niliona kama naongezewa mzigo juu ya mzigo. Nikakwepa kwa visingizio, leo niko hedhini, kesho nina msiba. Aliyenigeuza ni mwenzangu wa kikundi, aliyekuwa anameza dawa kama mimi, mnene, mzima, anauza mitumba pale stendi. Alifariki kwa saratani hii, na VVU vyake vilikuwa vimedhibitiwa kabisa. Tulipomzika nilikwenda kupima wiki hiyo hiyo. Nilikutwa salama.

Dada zangu, dawa zinalinda kinga lakini hazifuti kirusi kingine kilichokwisha kaa. Ukienda kuchukua dawa zako, ulizia na kipimo hiki. Chumba ni jirani na chumba.

---

Muuguzi Mkunga

Mama, Mungu akutunze. Niongeze tu kwamba kwa wanaoishi na VVU kipimo kinaanza mapema, kuanzia miaka 25, wakati kwa wengine tunaanza 30 hadi 50, na mnarudia kwa ukaribu zaidi. Tarehe yako ya kurudi iandikwe kwenye kadi yako ya CTC. Isipoandikwa, idai.

---

Mnyakyusa Halisi

Naomba kuuliza, isije ikawa tunaelimishana bure. Hii chanjo wanayowachoma mabinti shuleni ndiyo kinga ya huo ugonjwa? Huku Rungwe kuna maneno kwamba inafunga kizazi, na mimi nina binti wa darasa la tano. Sitaki nije kujilaumu.

---

Mwalimu wa Sayansi

Mkuu, shuleni kwetu chanjo inatolewa kila mwaka, na hilo swali naletewa na wazazi kila mwaka. Chanjo hii imeanza kutolewa nchi nzima 2018, wakati huo kwa mabinti wa miaka 14. Tangu 2024 inatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Waliochanjwa 2018 sasa ni wanawake wazima. Wako mitaani, wameolewa, na wanazaa. Wawili niliowafundisha wamekuja kunionyesha watoto wao.

Ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima wala nusu. Kuna ganda lake la nje tu, la protini, ambalo mwili unajifunza kulitambua. Haigusi mayai wala homoni. Inazuia hasa HPV aina ya 16 na ya 18, ambazo ndizo husababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla binti hajaanza mambo ya utu uzima, ndiyo maana wanachanjwa wadogo. Mzazi akisikia umri huo anadhani serikali inawafungulia njia watoto. Hapana. Hata surua tunachanja kabla mtoto hajakutana nayo.

Mruhusu binti yako.

---

Mnyakyusa Halisi

Nimekuelewa mwalimu. Huyo wa darasa la tano nitasaini. Na mkubwa wake wa miaka 17, aliyepitwa?

---

Muuguzi Mkunga

Huyo yuko nje ya umri wa chanjo ya shuleni, lakini atapimwa akifika umri wake, na hata waliochanjwa watapimwa, kwa sababu chanjo haizuii aina zote. Na kama una wavulana wasiotahiriwa, tohara nayo hupunguza HPV wanayoweza kumpelekea mke baadaye. Mikoa yetu hii ya Iringa, Njombe na Mbeya iliwekwa mstari wa mbele kwenye tohara kinga kwa sababu ya VVU, ila faida yake kwa mlango wa kizazi watu hawaijui.

---

Jirani wa Mwanjelwa

Sista naomba kuuliza na mimi. Kama siki ndiyo inaonyesha doa, je nikijisafisha na siki nyumbani si itaondoa? Hapa sokoni wanauza siki, shabu na unga wa majani, wanasema inakaza na inatoa uchafu wote wa kizazi. Nina UTI sugu, nimetumia dawa za duka la dawa mara nyingi, inatulia inarudi. Nikikutana na mume natoka damu kidogo.

---

Muuguzi Mkunga

Dada yangu, soma hapa taratibu.

Siki haitibu chochote. Sisi tunaitumia dakika moja kuonyesha rangi, basi. Ukijiosha nayo unaunguza ngozi laini na kuua wadudu wazuri wanaolinda uke. Shabu inakausha na kuchana, na kila mchaniko ni njia ya maambukizi. Acha vyote leo.

Halafu hilo la mwisho uliloliandika kwa ufupi ndilo lililonishtua. Kutoka damu baada ya kukutana na mume si UTI. Inaweza kuwa uvimbe mdogo usio na madhara, inaweza kuwa maambukizi, na inaweza kuwa mlango wa kizazi. Hakuna anayeweza kujua bila kuangalia kwa macho. Duka la dawa hawana kitanda wala spekulamu, wana kaunta tu. Nenda hospitali ukaangaliwe, na useme maneno hayo hayo uliyoandika hapa: natoka damu nikikutana na mume. Usiseme tu tumbo linauma au nina UTI, kwa sababu ukisema hivyo utapewa vidonge.

Na niwaambie wote. Bibi aliyekwisha koma hedhi miaka mingi, akaona damu tena, huku kwetu wapo wanaosema ujana umerudi, wengine wanasema karogwa. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Kwa mama wa umri huo kipimo cha siki hakitoshi, kwa sababu sehemu tunayoitafuta imesharudi ndani ya tundu. Anahitaji daktari. Uchafu wenye harufu usiosikia dawa, maumivu ya nyonga na kiuno yasiyoisha, mguu mmoja kuvimba, hayo nayo msiyape jina la chango.

---

Fundi Maabara

Nyongeza fupi. Kuna kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe cha HPV, cha DNA, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, chooni, bila kuvua mbele ya mtu. Kinafaa sana kwa wanaoona aibu. Hakipo kila kituo, na majibu yake si ya dakika moja kama siki. Kikiwepo kwenu kitumieni, kisipokuwepo msikisubiri, siki inatosha.

---

Dereva wa Tanzam

Sista nimerudi. Nimewasomea wenzangu huu uzi hapa mizani, tulikuwa kama sita. Mmoja ameniuliza kama mwanaume anaweza kwenda na mkewe siku ya kupima, aingie hadi ndani asikie, au atafukuzwa.

---

Muuguzi Mkunga

Aje. Akifika mapokezi aseme amemsindikiza mkewe kupima mlango wa kizazi. Kupima kwenyewe ni uamuzi wa mke kama anataka mume awepo nyuma ya pazia au akae nje, hilo tunamwuliza mama peke yake kwanza. Lakini kwenye maelezo kabla na baada, kiti chake kipo. Na huduma ya kupima kwenye vituo vya serikali ni bure, asidaiwe hela.

---

Jirani wa Mwanjelwa

Asante sista. Nimepanga kwenda. Hedhi yangu inategemewa Jumatano, niende kabla au nisubiri iishe? Na kuna kitu natakiwa kufanya nyumbani?

---

Muuguzi Mkunga

Leo ni Jumapili, nenda kesho Jumatatu usisubiri, kwa sababu wewe tayari una dalili. Leo usikutane na mume, usijiingizie kitu chochote ukeni, wala siki, wala sabuni, wala dawa ya kuingiza. Oga kama kawaida, vaa sketi pana, beba pedi moja. Ukikuta hedhi imeanza mapema, nenda hivyo hivyo uwaeleze, watakupangia siku. Ukirudi niandikie hapa au inboksi.

---

Jirani wa Mwanjelwa

Nimerudi. Wamekuta kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi ndicho kinachotoa damu, wamekitoa na kukipeleka maabara. Siki haikuonyesha doa. Majibu ya maabara nimepangiwa kurudi baada ya wiki mbili. Wameniambia nipumzike na mume mpaka pakauke. Nimemwambia baba Neema ni arobaini fupi, amesema sawa.